Tauni Alistaafu Lini? Historia Ndani ya Kichekesho cha Good Omens

Riwaya ya Good Omens iliandikwa na Waingereza wawili, Terry Pratchett na Neil Gaiman, ikachapishwa mwaka 1990. Wengi wanaoihakiki huishia kwenye kichekesho chake: malaika Aziraphale na shetani Crowley wameizoea dunia mno hata hawataki iishe, na mtoto aliyetumwa kuleta kiama amebadilishwa hospitalini kwa uzembe wa watawa, akalelewa kijijini kama mtoto yeyote. Sawa, inachekesha. Lakini kichekesho nacho kina historia yake, na makala haya yanakusudia kuifuata kupitia mhusika mmoja tu, tena ambaye hayumo kazini.

Katika Ufunuo, sura ya 6, wanatokea wapanda farasi wanne. Mapokeo yaliyoenea Ulaya huwaita Tauni, Vita, Njaa na Mauti. Waandishi wetu wamewapandisha pikipiki, na mmoja wamembadilisha kabisa. Eti Tauni alistaafu mwaka 1936 akiilalamikia penisilini, na nafasi yake akapewa Uchafuzi.

Hebu tuitazame tarehe hiyo. Alexander Fleming aligundua penisilini London mwaka 1928, lakini ilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940. Kwa hiyo 1936 si tarehe ya hospitali, ni tarehe ya utani. Nyuma ya utani huo kuna imani ya wakati: mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza kwamba ndui imetokomezwa, kisha zikaja ajali za Bhopal (1984) na Chernobyl (1986). Kwa mtu aliyekaa Uingereza, ilikuwa rahisi kuona kwamba maradhi yameshindwa na adui mpya ni kiwanda.

Sasa basi, Tauni alistaafu kwa nani? Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Riwaya ilipotoka, miaka saba baadaye, watu kule walikuwa wanazika. Hata London kwenyewe ugonjwa huo ulikuwa unaua. Msomaji wa Bukoba angecheka nusu. Hapa ndipo mtazamo wa wasanii unapojitokeza: kiama kinatazamwa kutoka kijiji cha Oxfordshire, na kilichodhaniwa kimekwisha pale kinahesabiwa kimekwisha kila mahali.

Tusiwaonee, hata hivyo. Njaa katika riwaya hii ni mfanyabiashara anayewauzia watu chakula kisicho na lishe, wakakonda huku sahani imejaa. Hapo dhihaka inawapiga wenye nacho wenyewe, na imefaulu kifani na kimaudhui.

Pratchett alifariki mwaka 2015. Gaiman akaandika peke yake mswada wa tamthilia ya televisheni, sehemu sita, iliyotoka mwaka 2019. Aliongeza mengi, hasa urafiki wa Aziraphale na Crowley tangu enzi za kale, ulioigizwa vizuri na Michael Sheen na David Tennant. Lakini Uchafuzi alibaki palepale juu ya pikipiki, Tauni hakurudishwa kazini. BBC Two iliionyesha tamthilia hiyo mwanzoni mwa 2020. Tarehe 11 Machi mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Uviko-19 ni janga la dunia.

Je, riwaya imekufa? La hasha. Dhamira yake kuu ni kwamba utabiri si bwana wa binadamu: mtoto Adam anaambiwa aiangamize dunia, anakataa. Kumstaafisha Tauni kulikuwa utabiri vilevile, na historia nayo imeukataa. Riwaya imejikosoa kwa kanuni yake yenyewe. Wenzangu mtakaoitazama tamthilia bila kukisoma kitabu, kitafuteni. Kisha mkifika kwenye wale wanne, ulizeni aliyeandika orodha ile alikuwa amekaa wapi.