Neno Linakaa Wapi? Historia fupi ya mpangilio wa kamusi zetu

Nimeadimika kidogo hapa kibarazani kwa sababu ya mitihani, ila leo nimerudi na jambo linalonikuna kichwa wiki nzima. Jambo lenyewe ni mpangilio wa maneno kwenye kamusi. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, "A, B, Ch, D, hapo kuna historia gani?" Subiri kwanza ndugu yangu.

Chukua neno "msomaji". Mwanafunzi wa Kawajense, nyumbani kwetu Mpanda, atalitafuta kwenye M. Sawa kabisa, kama anatumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Lakini mpe ile kamusi kubwa ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1939. Humo maelezo ya neno hilo yako kwenye S, chini ya "soma". Neno ni lile lile, lugha ni ile ile, makazi ndiyo yamebadilika. Nani alilihamisha, na kwa nini?

Tuanze na neno "kamusi" lenyewe. Limetoka Kiarabu, "qamus", na maana yake ya awali ni bahari kuu. Likaja kuwa jina la vitabu vya maneno kwa sababu ya kitabu maarufu cha Firuzabadi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1415, ambacho jina lake lilianza na neno hilo. Sasa sikieni kituko: yeye alipanga maneno kwa kufuata herufi ya MWISHO ya mzizi! Na kabla yake, karne ya 8, al-Khalil wa Basra alianza na herufi ayn, kwa sababu alifuata mahali sauti inapotokea, kutoka kooni kwenda midomoni. Kwa hiyo huu mpangilio wetu wa A mpaka Z haukushuka kutoka mbinguni. Ni uamuzi wa watu, na watu wengine waliamua vingine.

Sasa turudi kwetu. Mmisionari Krapf aliandika kamusi ya Kiswahili iliyochapwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Akafuata Madan na kamusi yake ya mwaka 1903. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, kazi yake kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Mwaka 1935 alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1939 zikatoka zile mbili za Kiswahili na Kiingereza zilizosimamiwa naye, ingawa hakuwahi kuziona maana alifariki kabla.

Hapo ndipo utamaduni wa mzizi ulipokomaa. Kitenzi ni baba mwenye nyumba, na watoto wake wanaishi chini yake. Ukitaka "mwandishi", nenda "andika". Ukitaka "mpishi", nenda "pika". Nisiwaonee jamani, mpangilio huu una faida zake. Unaokoa karatasi, halafu unaona ukoo mzima wa neno kwa mkupuo mmoja. Wenzetu wa Kizulu nao walifanya hivyo kwa nguvu zaidi: kwenye kamusi ya Doke na Vilakazi ya mwaka 1948, neno "umuntu" (mtu) linatafutwa kwenye N, kwa sababu shina lake ni "-ntu".

Ila tatizo lake ni moja, na ni kubwa. Ili ulipate neno, lazima kwanza ulijue! Mtu asiyejua kwamba "mpishi" ametokana na "pika" atafikaje kwenye P? Kamusi ya namna hii inamfaa aliyekwisha kufundishwa sarufi, tuseme ofisa wa serikali ya kikoloni anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili. Mtoto anayelisikia neno mtaani na kutaka kujua maana yake hakuwa msomaji aliyefikiriwa.

Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Safari hii kamusi iliandikwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya wenye lugha. Nomino zikarudishwa mahali zinaposikika: "msomaji" kwenye M, "kisomo" kwenye K. Ndiyo maana herufi M imevimba vile, imebeba viambishi vyote vya m-, mw- na ma-. Toleo la pili likaja 2004, na la tatu 2013 chini ya TATAKI, jina jipya tangu 2009. BAKITA nao wakatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015.

Je, mambo yameisha? Hapana! Vitenzi bado vinaishi kwa mtindo wa zamani: "someka", "somea" na "somesha" utazikuta ndani ya "soma". Na nomino zimeingizwa kwa umoja. Hapo ndipo pana shimo.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kule nyumbani, kidato cha kwanza tulisoma kwamba kuta za nyumba zimepasuka. Kijana mmoja akafungua K, akakuta "kuta", akaandika: kufikia mahali na kuona kitu. Darasa likacheka. Lakini huyu mtoto alikosea nini? Alifuata alfabeti kama alivyoambiwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "kuta" za nyumba zinakaa kwenye U, kwa "ukuta". Mwenzake naye alitafuta "pande" za dunia akaletewa pande la nyama, maana yake alilotaka liko kwenye "upande". Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, kamusi hii imekosea." Wadau, mwanafunzi akishafikia hapo anaifunga kamusi, na kuifungua tena ni kazi.

Mwenzangu wa chumbani anasoma mambo ya kompyuta. Nilipomsimulia hayo akasema hata kwao yapo. Lugha ya programu ya Python ina kitu kinaitwa kamusi: unatoa ufunguo, unapewa thamani yake. Kwa miaka mingi ukiiambia ikutajie funguo zote, haikuahidi kufuata mpangilio wowote. Toleo la 3.6, Desemba 2016, likaanza kuzitaja kwa jinsi zilivyoingizwa, kama matokeo tu ya njia mpya ya kubana kumbukumbu. Toleo la 3.7, Juni 2018, likaifanya kuwa sheria. Sasa mtu akiandika programu kwa kutegemea sheria mpya, halafu ikaenda kwenye mashine yenye toleo la zamani, majibu yanaweza kutoka yamevurugika, na kompyuta isiseme kitu!

Ndiyo yale yale. Mpangilio ni mkataba kati ya aliyepanga na anayetafuta, na mkataba ukibadilika bila mtafutaji kuambiwa, lawama zinamwangukia yeye. Tofauti ni kwamba waandishi wa programu wana desturi ya kuuliza hili ni toleo gani. Sisi walimu tunasema tu, "Tazama kwenye kamusi," tukageukia ubao.

Kwa hiyo, wenzangu tunaokwenda kufundisha, naomba kipindi kimoja tu. Siku ya kwanza ya kamusi fungueni ule utangulizi ambao hausomwi na mtu. Wafundisheni watoto kurudisha neno kwenye umoja na kuvua kitenzi viambishi vyake KABLA ya kufungua ukurasa. Na kama shule ina kamusi za aina mbili, tafuteni neno moja kwenye zote mbili mbele ya darasa, waone wenyewe.

Haya, nimemaliza. Wewe ulifundishwa na nani kutafuta neno kwenye kamusi? Au hukufundishwa kabisa? Tuambiane.