Mzigo Huu Unaitwaje?

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa karani katika ofisi moja ya uwakala wa mizigo, Mombasa. Kazi ilikuwa makaratasi tu: nani anatuma, nani anapokea, kilo ngapi, mzigo unaitwaje. Siku moja akaja mteja na mapipa ya klorini ya unga, ile ya mabwawa ya kuogelea, ipelekwe hoteli za Zanzibar. Akaniambia, "Kijana, andika sabuni na vifaa vya usafi. Si ni ya kusafisha maji?" Kweli bana, ukiandika "mzigo hatari" nauli inapanda, meli zingine zinakataa, na maswali hayaishi mpaka jioni.

Nilikuwa nishaandika "sabuni" wakati mzee wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima tulimwita Ami, alipoichukua ile fomu mkononi mwangu. Akauliza swali moja tu: "Mwanangu, meli ikishika moto usiku, wa zima moto watasoma nini hapa?"

Nilinuna. Nilidhani hizi sheria ziliandikwa na watu wa ofisini wanaopenda mihuri. Nilipoanza kusoma zilikotoka, nikakuta karibu kila sharti lina makaburi nyuma yake.

Chukua Halifax, Kanada, tarehe 6 Desemba 1917. Meli ya Kifaransa, Mont-Blanc, iliingia bandarini imejaa baruti za vita, na juu ya sitaha mapipa ya benzoli. Haikupeperusha bendera ya kuonya. Wakati wa vita, nani anataka kujitangaza? Iligongana na meli nyingine, Imo, ikashika moto. Watu wa mji wakasimama madirishani kutazama. Kama dakika 20 baadaye ikalipuka. Walikufa karibu watu 2,000, na wengi waliopona waliumia macho kwa vioo vya madirisha yale yale.

Miaka 30 baadaye, tarehe 16 Aprili 1947, ikawa zamu ya Texas City, Marekani. Meli ya Grandcamp ilikuwa ikipakia amonia naitreti, na magunia yalikuwa yameandikwa mbolea. Na si uongo, mkulima huimwaga shambani. Lakini amonia naitreti ikipata joto hutoa oksijeni yake yenyewe. Moshi ulipoonekana kwenye ngama, lile tumbo la meli, nahodha hakutaka maji yaharibu mzigo. Akaamuru milango ya ngama ifungwe na mvuke upulizwe ndani ili moto ukose hewa. Kwa pamba ingefaa. Kwa mzigo ule ilikuwa ni kuzidisha joto tu. Moshi ukageuka rangi ya machungwa, mzuri wa kutazama, na watu wakajaa gatini kuushangaa. Meli ilipolipuka iliua karibu watu 600. Kikosi cha zima moto cha mji kilikuwa na watu 28, 27 walikufa.

Nikirudia kusoma habari hii, jina ndilo hunishika. Neno "mbolea" lilikuwa kweli, na halikumsaidia mtu yeyote aliyesimama pale. Jina la biashara hukuambia kitu kinatumika wapi. Halikuambii kitafanya nini kikipata moto.

Mwaka 1956 Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo ya kwanza ya kusafirisha mizigo hatari, na mwaka 1965 mashirika ya meli yakapata kanuni za kimataifa za baharini, ambazo zikawa lazima mwaka 2004. Mizigo yote hatari iligawanywa makundi 9, na kila kitu kikapewa namba ya tarakimu nne. Ukiwa kwenye jam ya Mombasa Road, angalia lori la mafuta mbele yako: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Namba haijali lugha. Mtu wa zima moto wa Mombasa, Karachi au Santos huisoma vilevile, akajua amwage maji, povu, au akimbie.

Lakini sitaki kujidanganya kwamba namba inatosha. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka. Hakuna aliyehitaji kibandiko. Kila mtu alijua ni petroli, ndiyo maana walikuja na mitungi. Moto ulipolipuka waliangamia zaidi ya watu 100. Halifax watu walisogea kwa kutojua. Sachangwan walijua, ila mtungi wa petroli ulikuwa ni karo, ni unga wa mwezi. Kanuni za kufungasha na kubandika haziwezi kumjibu mtu huyo. Zinaweza tu kupunguza malori yanayopinduka, na kuhakikisha kuna wa kuzingira barabara mapema, mwenye nguvu ya kuwazuia watu.

Turudi kwa yale mapipa. Klorini ile, kalsiamu hipokloriti, si sabuni. Ikipata joto au ikigusana na mafuta huchemka na kutoa oksijeni, kama ule mzigo wa Texas City. Ami alinifundisha kujaza fomu upya: jina la kemikali, namba, kundi la 5.1, aina ya mapipa, uzito. Na tukaandika ikae mbali na joto.

Mteja alisoma, akatabasamu, akachukua karatasi zake. "Sawa tu, kaka." Kesho yake mapipa yaliondoka kupitia wakala mwingine, mtaa wa pili, asiyeuliza maswali. Kumbe mzigo ulisafiri hata hivyo. Ile fomu ya pili iliandikwaje, sijui. Lakini kila nikipanda feri kwenda Zanzibar, huwa natazama mizigo iliyopangwa sitahani na kujisomea majina.