Matairi Hayahesabiwi

Mzee mmoja niliyemkuta Coventry, Uingereza, akiifuta Triumph Herald yake kwa kitambaa laini, aliniambia kwa fahari kwamba kila kitu katika gari lile kilikuwa cha asili: injini, usukani, viti, hata vitasa vya milango. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha Canley, humo humo mjini, ambako magari ya Triumph yalikuwa yakiundwa hadi 1980. Nikamwuliza kuhusu matairi. Akacheka. Matairi hayahesabiwi, alisema. Mpira huchakaa na mtu hununua mengine.

Ilikuwa siku ya tamasha la magari ambalo mji huo umekuwa ukiliandaa tangu 2014. Siku hiyo sehemu ya barabara kuu inayouzunguka mji hufungwa, na magari ya kale hupewa nafasi ya kukimbia pale ambapo siku nyingine hupita watu waendao kazini. Kuingia ni bure. Nilipita kati ya Jaguar, Hillman, Humber na Standard, huku nikivuta harufu ya petroli na vitunguu vya kukaanga, na nakiri kwamba nilifurahi. Sijui kutengeneza hata baiskeli, lakini boneti iliyofunguliwa hunisimamisha kama mtoto.

Baiskeli ndiyo iliyouzaa mji huu tunaouona. Coventry ilikuwa ikiishi kwa kufuma tepe za hariri na kutengeneza saa. Mkataba wa biashara baina ya Uingereza na Ufaransa wa 1860 ulipofungua mlango kwa hariri ya Kifaransa, wafumaji walibaki mikono mitupu. Kampuni ya cherehani ikageukia baiskeli mwishoni mwa muongo huo, na 1885 John Kemp Starley akatoa Rover, baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha la nyuma. Baiskeli za leo bado zina umbo hilo. Mafundi wale wale na karakana zile zile ndizo zilizopokea gari. Daimler ilianza 1896 ndani ya kiwanda cha pamba kilichoachwa.

Haya yote yameelezwa vizuri katika jumba la makumbusho la usafiri la mji huo. Kisichoelezwa kwa uzito huo ni kwamba baiskeli ya Starley ilikuwa ikitikisa mifupa hadi John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipotengeneza tairi la kujazwa upepo mwaka 1888. Baada ya hapo kila mtu alitaka baiskeli, na kila baiskeli ilitaka mpira. Wakati huo mpira wa dunia haukutoka katika mashamba makubwa ya Malaya na Ceylon, kwa kuwa miti yake ilikuwa bado haijakomaa. Ulitoka katika misitu ya Amazon na ya Afrika.

Mtambaazi uliotoa utomvu huo Kongo ni jamii moja na mbungo, ule ambao matunda yake watu wa pwani hukamua juisi. Kusini mwa Tanganyika nako utomvu wa mbungo ulikusanywa na kusafirishwa kupitia Kilwa na Lindi. Lakini Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira, wake wakashikwa mateka mpaka waume warudi na mzigo kutoka msituni, na askari wakatakiwa kuonyesha mikono iliyokatwa ili kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, aliligundua jambo hilo katika vitabu vya hesabu: meli zilifika Antwerp zimejaa mpira na pembe za ndovu, zikarudi na bunduki na risasi. Hakukuwa na biashara pale. Ripoti ya balozi mdogo Roger Casement ilifuata 1904, na 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa dola ya Ubelgiji.

Sidai kwamba tairi fulani la Coventry lilitoka katika kijiji fulani cha Kongo. Mpira ukishayeyushwa hauna ukoo. Nasema kwamba mahitaji ya miji kama huu ndiyo yaliyopandisha bei, na bei ndiyo iliyomtajirisha Leopold.

Wala mji huu haukosi uwezo wa kukumbuka. Usiku wa Novemba 14, 1940 ndege za Ujerumani ziliua watu zaidi ya 500 hapa, kwa sababu viwanda vya magari vilikuwa vimegeuzwa kuwa vya silaha. Magofu ya kanisa kuu yameachwa yamesimama kando ya kanisa jipya lililowekwa wakfu 1962, na watu huingia humo wakishusha sauti bila kuambiwa. Ndiyo maana ukimya kuhusu mpira ulinisumbua zaidi hapa kuliko ambavyo ungenisumbua kwingine.

Katika jumba la makumbusho nilisimama mbele ya Thrust SSC, gari lililoishinda kasi ya sauti katika jangwa la Nevada mwaka 1997. Magurudumu yake ni ya alumini tupu, kwani hakuna tairi la mpira ambalo lingestahimili kasi ile. Sikuona gari jingine humo ambalo maneno ya yule mzee yanalifaa kikamilifu.

Jioni nilipanda teksi nyeusi ya umeme kwenda stesheni. Teksi hizo huundwa Ansty, nje kidogo ya mji. Dereva, kijana mchangamfu, alinieleza bei ya kuchaji na jinsi gari lisivyo na kelele. Nilimwuliza kama anajua kobalti ya betri nyingi za magari ya umeme hutoka wapi. Hakujua. Nikamtajia Kolwezi, mji wa kusini mwa Kongo ambako wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba na huzungumza Kiswahili. Akaniomba nilirudie jina hilo, akajaribu kulitamka, kisha taa zikawaka kijani.