KUTAZAMA BILA KUDHURU: HISTORIA YA KEMIA NDANI YA SELI HAI



Ndugu zangu katika imani, himidi zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Binti mmoja anayesoma chuo ameniuliza: "Sheikh, tunafundishwa kuingiza kemikali iliyotengenezwa na watu ndani ya seli hai ili tuone kinachotendeka humo. Je, si kuchezea uumbaji wa Allah?" Swali zuri. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha kwamba huwezi kukitolea hukumu kitu usichokijua. Basi tukijue kwanza.

Juu ya seli za miili yetu kuna msitu wa sukari. Si sukari ya chai. Ni minyororo inayoitwa glaikani, na seli huitumia kutambuana. Seli za saratani huibadilisha sukari hiyo, na baadhi hujifunika nayo ili askari wa kinga ya mwili wasizishambulie. Kwa hiyo kuiona ni jambo la uhai na mauti. Protini zilikwisha kupatiwa taa: protini ya kijani inayong'aa, iliyotoka kwa yavuyavu wa baharini. Lakini taa ile huwashwa kupitia jeni, na sukari haiandikwi moja kwa moja katika jeni. Ikabaki gizani.

Mfano wake ni huu. Mahujaji wanaume Mina wote wamevaa nyeupe, nawe unamtafuta mzee wako. Ungemtia alama. Lakini ukimvika kofia au ukimpaka manukato, umemtia katika makatazo ya ihram. Unahitaji alama ndogo, kama bangili ya msafara, ambayo haiharibu ibada yake na ambayo kiongozi wake ataitambua kati ya maelfu.

Hilo ndilo alilolitafuta Carolyn Bertozzi, mwanakemia wa Marekani, alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alama aliyoichagua ni azidi: atomu tatu tu za naitrojeni zilizoshikana. Mwili hauna kitu kama hicho, na seli haiishughulikii. Seli inalishwa sukari yenye azidi, inaipokea kama sukari yake, inaijenga na kuipandisha juu ya ngozi yake. Kisha inaletwa kemikali ya pili iliyobeba rangi inayong'aa. Hiyo inapita kati ya maji, protini na mafuta bila kugusana na chochote, mpaka ikutane na azidi. Hapo hushikana, na sukari inaonekana.

Kemikali hiyo ya pili ilitoka wapi? Hapa pana funzo. Mwaka 1919 Hermann Staudinger alieleza jinsi azidi inavyoshikana na kemikali za fosfini. Elimu hiyo ilikaa miaka themanini, ndipo mwaka 2000 Bertozzi na mwanafunzi wake Eliana Saxon wakaigeuza ifanye kazi juu ya seli hai. Mwaka 2003 njia za namna hii zikapewa jina: kemia ya bayo-othogonali, yaani kemia inayopita ndani ya uhai bila kugongana nao.

Lakini ilikuwa ya polepole. Mwaka 2002 Morten Meldal wa Denmark na Barry Sharpless wa Marekani, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa shaba huifanya azidi ishikane haraka na kemikali iitwayo alkaini. Ajabu ya kasi! Lakini shaba ni sumu kwa seli. Utaona sukari, na seli itakuwa inakufa. Ile ndiyo kofia juu ya kichwa cha muhrim.

Bertozzi hakukubali. Alirudi tena kwenye maandiko ya zamani. Mwaka 1961 Wajerumani wawili, Wittig na Krebs, walikuwa wameeleza kwamba alkaini ikipindwa iwe pete ya kaboni nane, hushikana na azidi kwa nguvu kama ya mlipuko. Pete iliyopindwa ina mkazo ndani yake, kama upinde uliovutwa, kwa hiyo haihitaji shaba. Mwaka 2004 njia hiyo ikafanya kazi kwenye seli hai. Mwaka 2008 kundi lake likatazama sukari ndani ya viinitete vya samaki wadogo wenye mistari kama pundamilia, rangi moja baada ya nyingine, nao wanaendelea kukua. Mwaka 2022 watatu hao, Bertozzi, Meldal na Sharpless, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Sasa jibu la binti yetu. Asili ya vitu ni uhalali, na madhara huondolewa. Historia hii yote ni ya watu waliokataa njia ya haraka kwa sababu inadhuru. Kutazama uumbaji kwa adabu hiyo si kuuchezea. Qur'ani imetuhimiza tutazame hata ndani ya nafsi zetu. Linalobaki kuulizwa ni matumizi: ya kutibu au ya kudhuru? Hapo kila jambo litapimwa peke yake.

Na nawausia vijana. Ugunduzi ukitoka, wengine wetu hukimbilia kuandika kwamba sisi tulishaujua zamani. Tusiseme uongo kwa ajili ya dini, dini haiuhitaji. Bora mmoja wenu aingie maabara, asome maandiko ya zamani wanayoyapita wengine, na asubiri miaka.

Ee Mola, tupe elimu yenye manufaa, na uwaponye wagonjwa wetu wa saratani. Aamiin.

Wallahu a'lam.