Treni Isiyofika Mbali: Nani Aliokoa Reli za Zamani za Midwest?

Mitihani imeisha, kichwa kimetulia, narudi kwenye mambo ninayoyapenda. Safari hii ni treni za zamani za wikiendi huko Midwest, yaani majimbo ya mashamba katikati ya Marekani kama Iowa, Wisconsin na Illinois. Jumamosi watu wanakata tiketi, wanapanda behewa la enzi za babu zao, treni inakwenda kilometa chache kati ya mahindi na miti, halafu inawarudisha pale pale. Basi! Sasa mtu unajiuliza: nani analipa nauli ili asifike popote?

Turudi nyuma kidogo. Miji mingi midogo ya huko ilizaliwa na reli. Kampuni zilitandika njia kwenye ardhi walikoondolewa wenyeji wa asili, kila baada ya maili kadhaa zikaweka stesheni, kisha likaja ghala la nafaka, duka, kanisa na shule. Mwanzoni mwa karne ya 20, Iowa peke yake ilikuwa na zaidi ya kilometa 16,000 za reli. Halafu yakaja magari na malori, na sheria ya barabara kuu ya 1956 ikayafungulia njia. Mwaka 1967 Posta ikaondoa barua zake kwenye treni nyingi, na pesa iliyokuwa inazibeba ikakatika. Tarehe 1 Mei 1971, Amtrak ilipochukua huduma za abiria, treni nyingi zilifutwa siku hiyo hiyo. Mwaka 1980 kampuni kongwe ya Rock Island ikafunga kabisa. Leo Iowa imebaki na kilometa 6,000 na ushei.

Cha ajabu ni kwamba matembezi yalianza wakati mvuke unakata roho. Kampuni ya Burlington iliendelea kuwasha vichwa vyake viwili vya mvuke, namba 5632 na 4960, kwa ajili ya washabiki, hadi ilipoacha mwaka 1966. Lakini kuna waliokuwa hawasubiri hisani ya kampuni. Mwaka 1953 watu kumi walichanga dola 100 kila mmoja, wakanunua behewa moja la umeme, namba 65 la Indiana Railroad, lisiishie kuwa chuma chakavu. Haba na haba hujaza kibaba: hiyo ndiyo mbegu ya Illinois Railway Museum, iliyohamia mji mdogo wa Union mwaka 1964 na leo ni moja ya makumbusho makubwa ya reli Marekani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Boone, Iowa. Hapo ilipita reli ya umeme ya Fort Dodge, Des Moines & Southern. Abiria waliishia 1955, mizigo nayo ikapungua, na 1983 kipande hicho kilikuwa kinangoja kung'olewa. Wenyeji wakaunda chama, wakachanga dola 50,000, wakakinunua pamoja na daraja lenye urefu wa mita 47 kwenda juu. Kumbe walikosa kichwa cha mvuke! Wakaagiza kipya kabisa kutoka kiwanda cha Datong, China, kilichoundwa 1988 na kufika 1989. Kwa hiyo ukiona moshi "wa kale" pale Boone, ujue mashine yenyewe ni ya juzi tu.

Kuzihifadhi si mchezo. Mwaka 1995 boila la treni ya matembezi lilifeli huko Pennsylvania na kuwaunguza wafanyakazi. Serikali ikakaza kanuni: kuanzia 2000, boila lazima lifunguliwe na kukaguliwa lote kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15. Kwa chama cha watu wa kujitolea, hizo ni gharama za kutoa jasho. Huko North Freedom, Wisconsin, kwenye tawi la reli lililojengwa 1903 kubeba madini ya chuma, safari za kawaida za mvuke zilisimama mwaka huo huo wa 2000, dizeli ikashika kazi.

Sasa hoja yangu. Hizi reli hazikuokolewa na kampuni wala serikali, zimeokolewa na watu wa kawaida waliowahi kabla ya winchi. Reli ni kama njia ya shambani, isipopitwa inakufa. Lakini anayeokoa ndiye pia anayechagua cha kukumbuka. Karibu na Boone wanamkumbuka Kate Shelley, binti wa wahamiaji wa Ireland, aliyetambaa usiku wa dhoruba, 6 Julai 1881, juu ya daraja la mto Des Moines kwenda kuonya kwamba daraja jingine limevunjika. Anastahili kabisa. Ila kwenye treni kubwa zilizokatiza majimbo hayo walikuwepo pia wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman, ambao abiria wengi waliwaita wote "George", jina la bosi, kana kwamba hawakuzaliwa na majina yao. Chama chao kilianzishwa 1925 chini ya A. Philip Randolph, na kilihangaika hadi 1937 ndipo kampuni ikasaini mkataba.

Behewa lililong'arishwa halisemi lenyewe ni nani aliyekuwa analing'arisha. Lazima mtu aseme. Ndiyo maana naona safari ya kilometa chache si utoto: treni haifiki mbali, lakini watu wamekaa, wana saa nzima, na kondakta ana kipaza sauti. Darasa gani litakupa nafasi kama hiyo?

Haya, niishie hapo. Nyie mnaonaje?