Dawa Huenda Wapi Ikishamezwa?

Kwa karibu miaka 200 Wazungu walijua kwamba unga wa gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes, hushusha homa ya vipindi, yaani malaria. Wasichokijua ni kiasi cha dawa kilichomo ndani ya kijiko. Gome hili kali, lile halina kitu. Mgonjwa akifa, nani alaumiwe? Mwaka 1820 wanakemia Pelletier na Caventou, mjini Paris, waliitenga kwinini yenyewe, na tangu hapo dawa ikaweza kupimwa kwa mizani.

Kwinini ikawa pia mali ya vita. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, wakapanda mikwinini. Vita vya 1914 vilipowakatia njia ya Ulaya, magome hayo yakawa dawa ya askari wa kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Lakini soko la dunia lilikuwa la Waholanzi na mashamba yao ya Java, mpaka Japani ilipoiteka Java mwaka 1942.

Kwinini ikawa adimu, na Marekani ikabaki na Atabrine, dawa ya malaria ya maabara iliyogeuza ngozi za askari kuwa za njano. Dozi ikiwa ndogo, askari anaugua. Ikizidi, tumbo linachafuka. Katika hospitali ya Goldwater, New York, mtafiti James Shannon na wenzake wakaacha kubahatisha. Bernard Brodie na Sidney Udenfriend walibuni njia ya kuipima dawa ndani ya damu: Atabrine hung'aa ikimulikwa, na mng'ao hueleza kiasi chake. Kumbe dawa haikai kwenye damu! Hukimbilia kwenye ini na viungo vingine, ikaacha chembe tu kwenye damu, walipo vimelea wa malaria. Basi dozi kubwa kwanza, ili viungo vishibe, kisha ndogo ndogo kila siku. Kwa maoni yangu, kipimo kile kina thamani kubwa kuliko mti wowote wa Andes.

Brodie hakuishia kwenye malaria: mwaka 1948 yeye na Julius Axelrod walionyesha kwamba dawa moja ya zamani ya maumivu, asetanilidi, hugeuzwa na mwili kuwa parasetamoli, na kwamba hiyo ndiyo inayotuliza. Panadol ya leo ina deni kwa kazi hiyo.

Tukirudi kwenye malaria, dawa ya klorokwini, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1934, tunaikumbuka kwa uchungu wake na kuwashwa mwili mzima. Hukaa mwilini kwa wiki nyingi, ikipungua taratibu, na kiasi hicho hafifu huwapa nafasi vimelea sugu kustawi wakati dhaifu wanakufa. Tanzania iliiacha mwaka 2001.

Dawa ya mseto iliyoshika nafasi baadaye imejengwa juu ya hesabu hizi. Artemisinini, aliyoitoa Tu Youyou wa China kwenye mmea mwaka 1972 na iliyompa Nobel mwaka 2015, huua vimelea upesi lakini dawa za jamii yake huisha mwilini ndani ya saa chache. Mwenzake, lumefantrini, hudumu siku kadhaa na kuwamalizia waliosalia. Ndiyo maana dozi ya pili humezwa baada ya saa 8, na vidonge huendelea kwa siku 3 hata homa ikiwa imeshuka. Tena lumefantrini hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu: imeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.