Kufungwa kwa shule nchini Uganda (2020–2022)

Kufungwa kwa shule nchini Uganda kulitokana na janga la UVIKO-19. Kulianza Machi 2020 na kumalizika tarehe 10 Januari 2022, kipindi hicho kikiwa miongoni mwa vipindi virefu zaidi vya aina hiyo duniani. Madarasa ya watahiniwa yalirejea Oktoba 2020 na mengine kwa awamu mwaka 2021, lakini shule zikafungwa tena Juni 2021. Serikali ilitoa masomo kwa redio, televisheni na vitini. Hata hivyo, kaya nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Wasichana wengi walipata mimba au kuozwa, watoto wengine wakaingia kwenye vibarua, na baadhi ya shule binafsi hazikufunguliwa tena. Mwaka 2022 wanafunzi walipandishwa darasa bila mtihani.